Mwaka wa Bemoli Sita

Tulipotoka kumzika Mama Stefania tulirudi Murara, mtaa wa Goma, kwenye ua wake uleule wa mawe meusi, tukapewa viti vya plastiki, na vijana wa korali wakaanza kuimba nyimbo za kuwatuliza wafiwa. Mimi sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikahama kiti, nikaenda kuchungulia sufuria za maharagwe ambazo hazikuwa kazi yangu, nikarudi. Mjukuu wa marehemu akaniuliza, "Mama Spesi, uko natafuta nini? Tukuletee maji?" Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa nasikiliza kinanda cha umeme walichokiweka juu ya meza ya chakula, na vidole vyangu, ambavyo siku hizi vinauma hata kukamua limau, vilikuwa vinacheza vyenyewe juu ya paja. Mwishowe nikamsogelea kijana aliyekuwa anapiga, nikamwuliza wimbo ule alikuwa anaupiga katika sauti gani. "Mama, mi napigaka yote mu do," akanijibu kwa heshima. "Kama bamama banaimba yulu, nafinya hapa, kinanda kinapanda chenyewe." Akanionyesha kitufe. Nikamwambia, "Na bemoli sita, mwana? Haujapigaka?" Akanitazama. "Bemoli ngapi, Mama?" "Sita." Akawageukia wenzake: "Mama anasema bemoli sita!" Mmoja wao akajibu, "Muulize kama ni ya kuimba ao ya kupika," na wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikatoka nje ya ua nikasimama barabarani peke yangu.

Nimemshukuru Mungu kwa mambo mengi. Nimefundisha watoto nyimbo na katekisimu mpaka nywele zikawa nyeupe, na asubuhi zangu za sasa hapa Keshero ni za amani: rozari, chai, ndege wa ziwani. Lakini kuna mwaka mmoja ambao kila ninapoushukuru, shukrani inanikwama kooni kama mwiba wa sambaza, dagaa wa ziwa letu. Sikuweza kuusimulia mapema. Mume wa Mama Stefania, Papa Wilibrodi, alikuwa hai, kisha akabaki mke wake, na Padri Alfonsi, paroko wetu wa wakati ule, aliwatangulia wote wawili. Sasa kwa kuwa Mama Stefania naye amelala, hakuna tena wa kuaibishwa na habari hii ila mimi, na mimi nimeshazeeka kiasi cha kuvumilia.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, katika mwaka wangu wa mwisho wa shule, na nilipewa chumba nyumbani kwa Papa Wilibrodi, mpigaji kinanda wa parokia. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano kama kuku anayeogopa kuchafua miguu. Chumba changu kilitenganishwa na chao kwa ubao mmoja uliobandikwa kurasa za magazeti ya Kifaransa, nami nilizijua habari za upande wangu kwa moyo. Jioni tulikula pamoja, jambo ambalo lilinishangaza mwanzoni, maana sikuwa nimezoea mwanaume kula meza moja na wasichana. Maharagwe ya Rutshuru, viazi, sombe ya majani ya muhogo siku ya sikukuu, na Jumapili kipande cha jibini ambacho Mama Stefania alikikata kwa uzi ili kisivunjike. Papa Wilibrodi alikula polepole, mkono wa kushoto juu ya magoti, chini ya meza. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba mkono ule ulikuwa unatetemeka na kwamba hakutaka uonekane. Siku nilipoutambua, aliona kwamba nimeona. Akaniambia, bila kupandisha sauti, "Binti, unajua kusoma noti?" Nikasema najua kidogo, za ubaoni. "Kesho nyuma ya shule, kuya ku kanisa." Kesho yake, masomo yalipoisha, nikaenda.

Lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya wasomaji wasiojua mambo ya muziki. Mwanzoni mwa kila mstari wa noti huandikwa alama zinazosema ni noti zipi zitashushwa au kupandishwa katika wimbo wote. Ile ya kushusha inaitwa bemoli. Wimbo usio na alama yoyote unaanzia kwenye do na unapigwa kwenye meno meupe ya kinanda. Huo ndio mlango wa mbele, kila mtu anapitia hapo. Wenye alama moja au mbili ni wengi pia. Tatu na nne zinawataka watu waliosoma. Lakini sita, na saba ambazo ndizo mwisho, unaweza kufunua kitabu kizima cha kanisa usizikute hata mara moja. Kwa bemoli sita wimbo unaanzia kwenye sol bemoli, na mkono unaishi juu ya meno meusi. Meupe unayoyagusa ni mawili tu, fa na si. Waimbaji hawajui lolote kuhusu hayo. Wao wanasoma do-re-mi ubaoni, na do yao ni popote unapowapa. Mzigo wote uko kwa anayepiga.

Na huo ndio mzigo alionipa Papa Wilibrodi tangu siku ya kwanza. Kinanda cha parokia kilikuwa cha zamani, cha kukanyaga kwa miguu, kilichoachwa na mapadri wazungu. Aliniketisha, akaniambia niguse jino jeupe la do, katikati. Nikaligusa. Ilitoka pumzi tupu, kama mtu anayepuliza chai. Nikagusa re: pumzi. Mi, sol, la: pumzi, pumzi, pumzi. "Yamekufa," akasema. "Unyevu, panya, na bale banapigaka bila kujua. Meusi hayaguswaka na mutu, kwa hiyo yanaishi. Sasa siye tunaishi na yenye iko hai." Nikaona ni hekima kubwa. Karibu kila jioni, mwaka ule, nilijifunza nyimbo zote za Misa juu ya meno meusi, na kwa kuwa sikuwa nimejifunza mlango mwingine wowote, sikujua kwamba huo ni mgumu. Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akihesabu kwa ulimi. Wimbo ulipohitaji mojawapo ya zile noti zilizokufa, hasa do, alinifundisha kuiruka: "Hapo nyamaza. Ile noti bataimba alto peke yabo, bamezoea." Na ilikuwa kweli, walikuwa wamezoea. Mimi mwenyewe nilikuwa alto, sauti ya chini ya wanawake. Nilikuwa nimeiimba noti ile peke yangu bila kujiuliza kwa nini kinanda kinaniacha pale kama mtu anayeachwa mtoni.

Mara moja tu alinikasirikia. Nilikuwa nimeona katika kitabu chake cha zamani ukurasa unaoonyesha alama zote, kutoka hakuna hadi saba, na nilitamani ile ya saba kama mtoto anavyotamani ngazi ya mwisho. Nikajaribu. Lakini bemoli saba zinahitaji jino jeupe la mi, na mi ilikuwa pumzi. Nikasema, "Papa, tufungue nyuma tuangalie. Labda ni vumbi tu." Akafunga kifuniko cha kinanda kwa nguvu hata vidole vyangu vikanusurika kwa bahati. "Haifungukake," akasema. Alirudi nyumbani mbele yangu, haraka. Asubuhi, kupitia ule ubao wa magazeti, nikamsikia Mama Stefania akisema, "Utazirudisha lini?" na yeye akajibu, "Nyamaza, mutoto anasikia." Nilidhani wanaongea juu ya sufuria za jirani walizoazima.

Wakati wa Noeli, Frateri Deo alikuja likizo kutoka seminari kuu. Alikuwa mtoto wa parokia, mrefu, mwenye miwani, aliyesoma kinanda kwa walimu wa kweli. Padri Alfonsi alimwomba apige Misa moja. Papa Wilibrodi akampisha kiti kwa adabu na kusimama pembeni. Frateri Deo akaweka mikono juu ya meno meupe na kukanyaga. Ikatoka fa, ikatoka si, na kati yake upepo. Akajaribu tena. Mama mmoja wa soprano, Mama Kristina, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli hata mbele ya tabernakulo, akasema, "Frateri, kinanda kinakukataa! Kinajuaka mwenye wake!" Kanisa likacheka. Frateri akageuka kumtazama Papa Wilibrodi kwa aibu, akasema, "Muzee, hapa munapigaka namna gani?" Papa Wilibrodi akajibu, "Na sala." Akaketi, akapiga, mkono wa kushoto ukitetemeka kidogo, na watu wakatikisa vichwa kwa mshangao wa kupendeza. Nilijivuna sana siku ile. Nilijua siri ya meusi, na siri ile ilikuwa yangu pia.

Baada ya hapo Padri Alfonsi aliniita. Alikuwa ameona ule mkono. Akaniambia kwamba baada ya Pasaka parokia itapata upadrisho, kijana wetu mwingine atawekwa wakfu na askofu mwenyewe hapa kwetu, na Papa Wilibrodi hataweza kupiga Misa inayochukua saa tatu nzima. "Ukiipiga vizuri," akasema, "nitakupa kazi ya kufundisha nyimbo kwenye shule ya parokia. Utabaki Goma." Msomaji lazima ajue neno lile lilikuwa nini kwangu. Shule ikiisha, nilikuwa narudi Masisi, na huko baba yangu mdogo alikuwa ameshaanza maongezi ya mahari na watu wenye ng'ombe. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Lakini nilikuwa nimeweka mikono kwenye meno meusi, na sikutaka kuiondoa. Nilitoka ofisini mwake nikakimbia juu ya mawe hata nikakata kiatu.

Wiki ya pili ya Kwaresima mambo mawili yalitokea siku moja. Asubuhi, kwenye matangazo, Padri Alfonsi akasema kwamba wiki moja kabla ya upadrisho fundi atatoka Bukavu, kufungua kinanda na kukitengeneza kwa heshima ya askofu. Nilimwona Papa Wilibrodi akiinamisha kichwa, nikadhani anasali. Mchana Mama Stefania alinituma nishushe mkebe wa chumvi juu ya kabati. Kulikuwa na mikebe miwili ya maziwa inayofanana. Nikafungua ule usio wa chumvi. Ndani, katika kitambaa cheupe kilichopakwa mafuta, zilikuwa zimelala ndimi kumi na tano za shaba, ndefu na fupi, safi kama vijiko vya sakristia, na juu ya kila moja jina limechorwa kwa msumari: do, re, mi, sol, la. Niliwahi kuona michoro ya ndimi kama hizo katika kitabu cha zamani cha Papa Wilibrodi; ndizo zinazotetemeka ndani ya kinanda na kutoa sauti, kila ulimi katika kijumba chake. Basi meno meupe hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yameng'olewa ndimi.

Nilirudisha mkebe. Nikapeleka chumvi. Nikala.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda mara moja kusema ukweli, maana ndivyo ninavyowafundisha watoto. Haikuwa hivyo. Kwa wiki nne na zaidi nilizunguka Goma kama mbuzi aliyekata kamba. Nilitoka shuleni nikashuka mpaka ziwani, nikapanda tena, nikasimama kwenye barabara inayokwenda Rutshuru nikitazama chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikiteremka na viazi, nikarudi. Kwanza niliwaza juu yake: mzee huyu anayesali na kufunga, kumbe. Kisha, na hapo ndipo moyo uliponichafuka, niliwaza juu yangu. Ndimi zikirudi, kinanda kitapigwa na kila aliyesoma. Frateri Deo atakuja kwa upadrisho, atapiga kwa do, kwa fa, kwa sol, vizuri kuliko mimi. Nami sikujua hata wimbo mmoja kwenye meno meupe. Mlango wangu ulikuwa mmoja, na ulikuwa na thamani kwa sababu tu milango mingine ilikuwa imefungwa. Nilijikuta nikiomba, nisamehewe, kwamba fundi wa Bukavu augue. Sala ile ndiyo iliyonitisha. Nilijiona niko palepale aliposimama Papa Wilibrodi zamani, na mkono wangu ukiwa ndani ya kinanda.

Siku ya Alhamisi Kuu, tukiwa tunachambua maharagwe, nilimwambia Mama Stefania, "Mama, niliona mukebe." Hakushtuka. Aliendelea kuchambua. "Kitambaa kilikuwa safi?" "Safi." "Nakibadirishaka kila Kwaresima," akasema. "Miaka kumi na moja. Anazipaka mafuta yeye mwenyewe, kama mutoto. Sikia, sitamuambia. Utamuambia weye." Papa Wilibrodi alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Akaketi kwenye kigoda, akasimulia, mikono yote miwili juu ya meza, ule unaotetemeka na mwingine. Zamani, kabla ya Padri Alfonsi, alikuja mwalimu mwenye cheti cha muziki, na paroko wa wakati ule akasema Jumapili mwalimu atajaribu kinanda, na akiweza, kitakuwa chake. "Mimi nilijifunza na masikio tu," akasema Papa Wilibrodi. "Sikuwa na karatasi. Niliogopa. Siku ya Posho, kesho yake ni Jumapili, nikaingia, nikang'oa ndimi za katikati. Nilisema Siku ya Kwanza, Jumapili ikipita, nitazirudisha." Mwalimu alishindwa, akaenda zake. Lakini Jumatatu hiyohiyo paroko alitangaza kinanda kimekufa, kivunjwe mbao zifanywe benchi. "Ningefanya nini? Ningesema, bado, niko nazo mu mukebe? Nikatafuta mu kitabu alama zenye hazigusi meupe, ila fa na si zenye sikung'oa. Nikajifunza bemoli sita mu wiki moja, mwana, hata vidole vikavimba. Nikaenda nikapiga. Banasema ni muujiza." Akacheka kidogo bila furaha. "Kisha kila Jumapili muujiza. Kutoka hapo sikupata tena siku ya kuzirudisha."

Nimewaza sana juu ya maneno hayo katika maisha yangu. Wengi wanaodanganya wanafanya hivyo ili wapate wepesi. Yeye alijihukumu mwenyewe kwenye ugumu, miaka kumi na moja, Misa mbili kila Jumapili, ili uongo wa dakika chache usionekane. Na ugumu ule ndio alionipa mimi kama zawadi. Sijui niuite nini. Naushukuru, na kila ninaposhukuru natazama nyuma yangu.

Tulizirudisha Ijumaa ya wiki iliyofuata Pasaka, mchana, kanisa likiwa tupu na jua limelala juu ya benchi. Mkono wake haukuweza. Ulipiga ukuta wa kijumba hata ulimi ukalia. Basi nilipiga magoti nyuma ya kinanda na yeye akaketi sakafuni kando yangu, akinipa moja baada ya nyingine na kutaja jina: "Hii ni do. Polepole. Hii re. Sukuma na kidole, usitumie chuma." Kumi na tano. Alipotaja la ya mwisho alifunga mkebe mtupu, akakaa hivyo. "Sasa mutu yeyote ataweza," akasema. Nikaitika, "Njo vile, Papa." Sikumwambia kwamba katika huyo "mutu yeyote" alikuwamo pia yule atakayeniondoa mimi.

Fundi wa Bukavu alikuja, akafungua, akafuta vumbi, akashona ngozi ya mfuko wa upepo, akasema hajaona kinanda cha umri ule chenye ndimi nzuri kama hizo. Padri Alfonsi alifurahi kama mtoto. Na kwa kuwa meno meupe yalikuwa yamefufuka, jambo lilienda kama nilivyojua litakwenda: alimpa Frateri Deo kazi ya kupiga Misa ya upadrisho. Kwangu akasema kwa upole, "Weye utaimba alto. Kazi ya shule tutaona." Nilijua "tutaona" maana yake nini. Nilianza kukunja nguo zangu.

Siku ya upadrisho kanisa lilijaa hata watu wakasimama kwenye madirisha. Frateri Deo alikuwa ameandaa kila kitu kwa sol, sauti nzuri ya wimbo wa kuingia, na kwenye mazoezi alitupa sauti kwanza, tukamfuata. Lakini askofu alifika mapema. Frateri bado alikuwa anapanga karatasi zake wakati kengele ilipolia na mwongozaji alipotupungia mkono: anzeni, anzeni! Na Mama Kristina akaanza. Ndivyo tulivyofanya miaka yote: mstari wa kwanza tuliimba sauti tupu, na kinanda kiliingia kwenye wa pili. Hatukuwa na haja ya kupewa sauti, kwa kuwa tulikuwa na moja tu. Koo zetu zilikuwa kama ng'ombe jioni. Huhitaji kumwonyesha zizi. Watu sabini wakaingia kwenye sol bemoli bila kujua wameingia. Frateri Deo akashuka kwa nguvu zote kwenye sol. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ilikuwa kama milango miwili inayosuguana, na askofu katikati ya njia, fimbo mkononi, akainua uso. Frateri akaacha. Akajaribu tena, palepale. Mama Kristina, badala ya kushuka au kupanda, akaongeza sauti. Frateri, aliyejua mimi ni mwanafunzi wa Papa Wilibrodi, akanitafuta kwa macho, akasogea mpaka ukingoni mwa benchi, na midomo yake ikasema, "Dada, kuya."

Nilikwenda. Sikuwaza, miguu ilikwenda. Niliweka vidole kwenye meusi, nikaingia kwenye mstari wa tatu, na kanisa likakaa sawa kama mzigo unaokaa kichwani. Nikapiga Misa nzima hivyo. Ilipofika ile noti ya do ya kurukwa, sikuiruka, maana sasa ilikuwapo, na waalto wakageuka wote kunitazama.

Kwenye karamu walinipa sahani ya wali na mbuzi, na Padri Alfonsi akaja mwenyewe akanishika bega mbele ya watu. "Kinanda kinajuaka mwenye wake, sivyo Mama Kristina? Spesi, siku ya kwanza ya masomo utakuwa shuleni." Watu wakapiga vigelegele. Papa Wilibrodi alikuwa upande wa pili wa meza. Hakuwa ameimba Misa ile; nilikuwa nimemwona katikati ya besi, mdomo umefungwa. Nilitia wali mdomoni na haukushuka. Kila nilichotaka kilikuwa kwenye sahani ile, na kilikuwa kimepikwa na uongo, na hata tulipouondoa uongo wenyewe, harufu yake iliendelea kunilisha. Nikazunguka meza, nikainama sikioni mwake. "Papa, siwezi kumeza." Akasema, "Kula, mwana. Leo ni siku yako." Nikasema, "Naenda kumuambia Padri yangu. Yako sitasema." Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba yangu haiwezi kusemwa bila yake. Angeweza kuniambia nyamaza, ningenyamaza, nadhani. Aliweka mfupa chini, akafuta vidole kimoja kimoja, akasimama. "Twende," akasema, "kabla mukono wangu ubadilishe mawazo."

Ofisini Padri Alfonsi alisikiliza akiwa amesimama. Papa Wilibrodi alisema yake, fupi kuliko nilivyotarajia. Mimi nikasema yangu: kwamba nilijua tangu wiki ya pili ya Kwaresima, na nilichoomba juu ya fundi wa Bukavu. Nje walikuwa wanaimba. Padri akakaa. "Miaka kumi na moja," akasema. "Muzee, ungeniuliza tu." Papa Wilibrodi akamjibu, "Ningekuuliza, ungejibu nini?" Padri alikuwa mtu mwaminifu. Hakutafuta jibu la uongo. Alitazama dirishani, kisha akatazama mikono yangu, iliyokuwa inafinyana.

"Kazi ya shule sitampa mutu mwingine," akaniambia, "lakini leo sikupi. Watoto wanaanza na do. Mwalimu asiyejua do atafundisha nini? Uko na muda mpaka masomo yaanze." Akamgeukia Papa Wilibrodi. "Na weye, malipizi yako: utamufundisha. Yote yenye uliificha. Kuanzia yenye haina alama hata moja."

Tulianza Jumatatu. Papa Wilibrodi aliketi pembeni yangu, si nyuma, mkono wake unaotetemeka ukiwa wazi juu ya ubao wa kinanda mbele ya waliokuja kufagia. Akaniambia niweke kidole gumba kwenye do. Nikaweka. Meno meupe yalikuwa mapana na ya kuteleza, bila vilima vya kushikilia, na sikujua mkono wangu uko wapi. Nikapanda: do, re, mi, kwenye fa kidole kikaruka chenyewe kwenye jeusi. "Hapana," akasema. Nikaanza upya, kikaruka. Msichana aliyekuwa amempigia askofu Misa nzima alishindwa na ngazi ambayo watoto wa darasa la kwanza wanaiimba wakicheza kamba. Mara ya sita nilipiga ngumi kwenye paja na machozi yakanitoka. Papa Wilibrodi akangoja. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake mwaka mzima, sauti ya mtu aliyeweka chini kitu kizito, "Na miye nimesahau. Sogea kidogo." Akaweka mkono wake wa kulia kando ya wangu, na tukapanda pamoja, tukikosea.